Tumeitwa mafunzo ya wazazi wenye watoto wenye ulemavu, wiki 9. Mliopitia, yanasaidia kweli?

mama_kitindamimba

Habari zenu wazazi wenzangu. Naomba mawazo yenu na samahani itakuwa ndefu, sina mtu wa kumwambia haya yote kwa mpigo.

Nina mtoto wa miaka 3 na miezi 4, ana mtindio wa ubongo. Hakai mwenyewe mpaka aegemezwe, mkono wa kulia amekunja ngumi muda wote, haongei ila anaelewa, hilo nalijua mimi manake nikimwambia baba amekuja anageuza macho mlangoni kabla hata mlango haujafunguliwa. Mazoezi ya viungo tunaenda mara moja kwa wiki tangu ana miezi 10. Sasa juzi pale kliniki nikapewa karatasi kwamba kuna mafunzo ya wazazi na walezi, siku moja kila wiki kwa wiki 9, na kuna siku watakuja nyumbani.

Mwanzo nilifurahi, nikiwa njiani nikaanza kulia. Nimeshakaa semina za hivi mara 2. Ya kwanza mtu alisimama mbele akatusomea aina za ulemavu tangu asubuhi hadi saa saba mchana, mtoto yupo mapajani amechoka amekakamaa kama ubao, hakuna hata mmoja aliyeniuliza huyu anakulaje. Ya pili tukaambiwa tuwapende watoto wetu tusiwafiche. Jamani mimi nampenda na sijawahi kumficha, nilichotaka ni kuonyeshwa.

Kinachonitesa ni kulisha. Dakika 50 mlo mmoja, mara 3 kwa siku, anakohoa, anapaliwa, nusu ya chakula anakirudisha kwa ulimi. Namlaza kwenye mkono kichwa kikiwa nyuma ili chakula kishuke, ndivyo nilivyoelekezwa tangu mdogo. Usiku kifua kinakoroma na mwaka huu tumelazwa mara 2 kwa nimonia. Nikimaliza kumlisha sina nguvu ya kitu kingine, mkubwa wake ana miaka 7 ananiuliza mama lini utanisikiliza nikisoma.

Baba yake ni mtu mwema hajatukimbia, ila kasema hayo mafunzo ni ya kina mama, yeye atatoa nauli.

Sasa mliopitia niambieni ukweli, niende? Wiki 9 kwangu si kitu kidogo. Na nitajuaje kama haya ni mafunzo au ni semina nyingine ya kusaini karatasi?

---

baba_wa_mapacha

Pole sana dada, na hongera pia kwa kumsoma mtoto hadi macho yake, hiyo ni kazi kubwa ushaifanya.

Mimi ni yule baba wa kutoa nauli. Mmoja wa mapacha wangu ana sindromu ya Down na nilimwacha mke wangu aende peke yake wiki 2 za mwanzo, ya 3 aliumwa ikabidi niende mimi. Nilikaa nyuma karibu na mlango. Siku hiyo walikuwa wanafundisha kugawa kazi moja vipande vipande, na kila mzazi achague kazi moja ya nyumbani, mimi nikachagua kuvaa shati kwa sababu ndiyo iliyokuwa inatugombanisha kila asubuhi, namvalisha haraka haraka huku analia na mimi nawahi kazini.

Wakatufundisha kuanzia mwisho. Yaani unamvalisha shati mwenyewe, kichwa kinapita, mkono wa kwanza, wa pili, unalishusha hadi kifuani, halafu pale unatoa mikono yako na kumwachia yeye avute chini lifike kiunoni. Basi. Akivuta, kazi imekwisha na yeye ndiye aliyeimaliza, unamsifu kwa alichokifanya hasa, "umevuta shati mwenyewe", siyo tu "safi". Wiki 2 nzima tulikuwa kwenye kuvuta chini tu. Kisha ukarudi nyuma hatua moja, mkono wa pili akautoa mwenyewe. Ilichukua kama miezi 4 hadi shati lote, lakini zile asubuhi za kilio ziliisha wiki ya kwanza, na hicho ndicho kilichonifanya nirudi wiki ya 4 bila kuombwa.

Kuhusu kujua kama ni mafunzo ya kweli, piga simu uliza mambo haya: mtoto anaruhusiwa kuja? Kuna muda wa kujaribu na mtu akikuangalia na kukurekebisha? Wakija nyumbani wanakuja kufanya nini? Wakikujibu kwamba kuna mada na vitini tu, fikiria mara mbili. Lakini hizo wiki 9 na za nyumbani zinanikumbusha ule mpango wa Shirika la Afya Duniani wa stadi za walezi waliotoa 2022, wenyewe una vikao 9 vya kikundi na ziara 3 nyumbani, kwa watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua au wenye usonji. Ule umejengwa juu ya kucheza na shughuli za kila siku za nyumbani, na hausubiri mtoto awe na karatasi ya daktari yenye jina la tatizo. Uliza kama ndio huo.

Na mumeo mwambie hivi, hakuna atakayemuuliza maswali mbele za watu. Mimi hofu yangu ilikuwa hiyo na sikuwahi kuisema.

---

tiba_kwa_vitendo

Dada naandika haraka niko katikati ya kazi ila hili la kulisha lisisubiri mafunzo. Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, watoto wenye mtindio wa ubongo ndio nafanya nao kila siku.

Kukohoa wakati wa kula, kifua kukoroma usiku na nimonia mara 2 ndani ya mwaka, hivyo vitatu vikikaa pamoja inawezekana kabisa chakula au maji yanaingia njia ya hewa. Nenda ukawaambie hivyo hivyo kama ulivyotuandikia hapa na uombe apimwe anavyomeza. Usiseme tu "anakohoa", sema dakika 50, sema kulazwa mara 2. Na uzito wake wauangalie.

Wakati unasubiri, badilisha mkao. Kichwa kikiwa nyuma njia ya hewa inabaki wazi na yeye hana nguvu ya kuifunga, kwa hiyo kile unachoona kinashuka hakishukii tumboni chote. Jaribu wewe mwenyewe sasa hivi, angalia juu darini halafu meza mate, utaona ilivyo ngumu. Kidevu kinatakiwa kiwe kimeinama kidogo. Mkalishe wima, makalio yameenda nyuma kabisa ya kiti, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga kitu, hata boksi gumu, zisining'inie. Pembeni weka taulo ulizoviringisha kila upande ili asiinamie upande wa kulia. Wewe kaa mbele yake usawa wa macho yake au chini kidogo, ukisimama atakutazama juu na kichwa kitarudi nyuma tena.

Kijiko kidogo, kisicho na kina kirefu, kiingie kutoka mbele, kibonyeze ulimi taratibu, subiri mdomo ufunge ndio ukitoe. Usikwangulie chakula kwenye meno ya juu. Subiri ameze, uone koo limepanda na kushuka, ndio kijiko kingine. Vitu vyepesi kama maji ndivyo vinavyokimbia kuingia pasipotakiwa kuliko vizito laini, hapo ndipo uwe makini zaidi. Akikohoa, simama mpe muda, usimpe maji ya kusukumia. Akimaliza abaki wima kama nusu saa asilazwe.

Wiki ya kwanza itakuwa ngumu, atakataa, manake mwili umezoea ule mkao wa zamani. Na hukukosea dada, ulifanya ulichoonyeshwa. Naona wazazi wengi sana wamefundishwa hivyo hivyo.

Ngumi ya mkono wa kulia: usivute vidole kwa nguvu. Kunja kwanza kifundo cha mkono kuelekea ndani, vidole vitalegea vyenyewe, ndipo upitishe kidole chako kwenye kiganja kuanzia upande wa kidole kidogo. Fanya unapomuogesha, siyo kama zoezi la peke yake.

---

nambeba_mwenyewe

Mimi nitasema tofauti na mtanisamehe. Binti yangu ana miaka 14, mtindio wa ubongo na kifafa, ana kilo 38 na nambeba mimi peke yangu. Mafunzo nimehudhuria 5. Kila mahali nilipotoka nilipewa kazi za kwenda kufanya nyumbani, huyu anataka nimnyooshe miguu mara 3 kwa siku, huyu picha za kuongea, huyu michezo ya nusu saa, nikijumlisha siku haitoshi na usiku sijalala kwa sababu ya degedege. Kozi ya 3 nikaacha katikati, na yule aliyekuwa anaendesha akaniandika kwamba sina mwitikio. Neno hilo lilinikaa moyoni miaka.

Sikuwa nimekosa ujuzi, nilikuwa nimekosa usingizi. Kama kuna mtu angekuja akae na mwanangu masaa 2 kwa wiki nikalala, ningejifunza kila kitu walichotaka. Mzazi aliyechoka kupita kiasi ukimpa maarifa bila kumpa mkono wa msaada unamwongezea mzigo wa kujiona mkosaji. Na hili si fadhila, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 23, unazitaka serikali zitoe mapema taarifa, huduma na msaada kwa watoto na familia zao. Taarifa ni neno moja tu pale, kuna huduma na kuna msaada.

Lakini sitadanganya, kuna mawili nilipata. Moja ni kunyanyua, kukaribia mwili wake, kukunja magoti yangu, kumgeuza awe na kitu cha kukanyaga badala ya kumvuta kwa makwapa, mgongo wangu ungeshakwisha. La pili ni degedege. Nilikuwa namtia kijiko mdomoni asijing'ate, meno mawili yalivunjika kwa mkono wangu mwenyewe. Nikafundishwa nisiweke kitu chochote mdomoni, nimlaze ubavu, niondoe vitu vigumu karibu, niangalie saa, ikizidi dakika 5 ni hospitali bila kusubiri. Hiyo nilifundishwa kwa dakika 10 tu na mzazi mwenzangu nje kwenye benchi, mtoto akiwa na miaka 6. Miaka 6 yote hakuna aliyeniambia.

Kwa hiyo dada nenda, ila siku ya kwanza sema wazi nyumbani kuna nani na masaa yako yakoje. Chukua kitu kimoja tu kila wiki. Wakikupa 4 warudishie 3.

---

mzazi_mwezeshaji

@nambeba_mwenyewe nimekusoma mara 2. Samahani kwa hilo neno uliloandikiwa. Mimi naendesha vikundi vya wazazi sasa mwaka wa 4 na mwanangu mwenyewe hatembei, na ulichosema ndicho kinachofanya watu waache katikati, siyo uvivu.

Nyie wote naomba mwangalie hiyo sentensi yake, "na mzazi mwenzangu nje kwenye benchi". Hapo ndipo mafunzo mengi yanapotokea kweli. Zamani sana, 1971, huko Omaha nchini Marekani wazazi walianzisha utaratibu wa kumuunganisha mzazi mpya na mzazi mzoefu mwenye mtoto wa hali inayofanana, mzoefu anaandaliwa kidogo jinsi ya kusikiliza, halafu wanaachwa waongee. Umesambaa sana tangu hapo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, mtaalamu anajua misuli lakini saa tisa usiku anayejua ni aliyeshinda macho usiku kama ule.

Kwenye kikundi changu nusu saa ya mwanzo sifundishi kitu. Kila mtu anasema wiki imekwendaje na kitu kimoja kilichoshindikana. Mwanzoni niliona napoteza muda, mtaala ni mrefu. Siku moja mama mmoja akasema amemfungia mtoto chumbani dakika 20 akakaa nje akalia, akanyamaza akisubiri ahukumiwe, na aliyekuwa karibu naye akasema "mimi jana". Hao wawili hadi leo wanapeana zamu, huyu anakaa na watoto wote Jumanne, yule Ijumaa. Masaa ya kulala ambayo dada hapo juu anayalilia, wao waliyapata hivyo, hakuna mradi uliowapa.

@mama_kitindamimba hayo macho ya mlangoni ndiyo maneno yake. Anza nayo leo. Shika vitu viwili usawa wa macho yake, mbalimbali kidogo, taja kila kimoja, halafu nyamaza uhesabu kimoyomoyo hadi 10. Kumi ni nyingi utaona mate yanakukauka, usimsaidie. Anachokitazama mpe hicho hicho hata kama unajua anapenda kile kingine, manake anajifunza kwamba kutazama kwake kunaleta kitu.

Na huyo wa miaka 7 asikuumize kichwa kwa kutafuta masaa. Dakika 10 zake peke yake, zenye muda unaojulikana, siku zote zile zile. Watoto wanavumilia kusubiri kama wanajua zamu yao ipo.

---

bibi_mlezi

Wanangu nami niseme kidogo, simu ya mjukuu mkubwa hii. Nalea mjukuu ana usonji miaka 8, mama yake anafanya kazi mbali. Mimi niliona mafunzo ni ya vijana waliosoma, nikaenda kwa kulazimishwa. Alikuwa anapiga kelele kila nikimwaga maji ya kuoga, nikawa nachapa. Pale wakaniambia bibi wiki hii usifanye kitu, angalia tu, kabla ya kelele kunakuwa na nini na baada yake kunakuwa na nini. Nikaangalia. Haikuwa maji mwanangu, ilikuwa sauti ya ndoo ya bati ikigonga sakafu. Nikanunua ya plastiki nikawa namwonyesha taulo kwanza ajue tunaenda kuoga. Kelele zimepungua sana. Fimbo nilizompiga ndizo zinaniuma hadi leo, hakuwa na ukaidi, masikio yalikuwa yanamuuma.

Nenda mwanangu, na huyo mumeo aende hata siku moja.

---

mama_kitindamimba

Nimerudi, ni wiki ya 5 sasa tangu niandike na nimewasoma wote zaidi ya mara moja. Asanteni, sijui niseme nini kingine.

Nilipiga simu nikauliza yale maswali ya @baba_wa_mapacha. Mtoto anaruhusiwa, wanafanyia pale pale kwa vitendo. Nimeshaenda mara 3. Ya pili nilikosa alikuwa na homa.

Tulirudi hospitali nikasema kama nilivyoandika huku, dakika 50, kulazwa mara 2. Daktari akaweka kalamu chini akanisikiliza. Ameandikiwa kipimo cha kumeza, tarehe ni mwezi ujao, na uzito kweli uko chini.

Mkao nilibadilisha siku ile ile usiku. @tiba_kwa_vitendo ulisema atakataa, alikataa siku 4, alikuwa anajirusha nyuma kichwa kinagonga kiti nikataka kuacha. Siku ya 5 nikaweka taulo nyingine nyuma ya shingo na boksi chini ya miguu likiwa juu zaidi, akatulia. Sasa tuko kwenye dakika 35. Bado anakohoa ila si kila kijiko, na usiku nimelala nikiamka nikawa nasikiliza kifua hakikoromi nikashtuka nikawasha taa kumwangalia. Alikuwa amelala tu.

Nimejaribu na macho. Kikombe na mpira. Nilihesabu, nilipofika 8 akatazama kikombe, nikampa, akacheka kwa sauti. Mkubwa wake ndiye anayefanya hivyo sasa kila jioni, ndizo dakika zao, mimi nakaa pembeni nasikiliza akisoma vitabu vyake kwa mdogo wake.

@nambeba_mwenyewe nilisema siku ya kwanza mbele ya wote kwamba nitabeba kitu kimoja kwa wiki. Wakakubali. Kuna mama wawili wakasema na sisi.

Baba yake alikuja jana. Hakuongea kitu ukumbini, ila usiku nimemkuta amepiga magoti mbele ya kiti anapima kwa rula kutoka goti la mtoto hadi kisigino, anataka kutengeneza sehemu ya kukanyagia ya mbao badala ya boksi. Sasa @tiba_kwa_vitendo anauliza, ile mbao iwe bapa au iinuke kidogo upande wa vidole? Na kamba ya kushikilia nyayo iwepo au imwache huru? Anasubiri jibu, mbao ameshanunua.

---

tiba_kwa_vitendo

Bapa kabisa, goti na kifundo vyote vikae kama kona ya kitabu. Kamba asiweke kwanza, mwache akanyage mwenyewe. Aweke tundu za skrubu kwa ngazi 3 au 4 ili iweze kushushwa, atakua huyo. Na pembe zote azipige msasa.